Sufuria Isiyopikiwa Nyama

Kilichoninyima usingizi wiki ile kilikuwa sufuria. Najua utacheka, na una haki ya kucheka. Mtu aliyemaliza chuo kikuu na anayengoja majibu ya usaili wa kazi angepaswa kukeshea mambo makubwa zaidi. Lakini mimi ndivyo nilivyo. Nikitumiwa ujumbe wa maneno mawili hukaa nao mpaka nikauona una maana nne. Sasa fikiria nimepewa jambo lenye uzito wa kweli. Jirani yetu wa zamani, mwanamke mzee wa Kihindi ambaye nyama haijapita kinywani mwake tangu azaliwe, alikuwa akila chakula tulichompelekea kwa miezi kadhaa, na mimi ndio kwanza nimejua kwamba kilipikwa katika chombo kilichopikiwa nyama. Yeye hajui. Na kabla wiki haijaisha alikuwa anaondoka Maskati moja kwa moja. Nimwambie, aondoke na jeraha? Au ninyamaze, nimuage kwa furaha, nibaki nalo mwenyewe?

Asubuhi moja nikachukua gari la mama, nikatoka Ghubra mpaka Wattaya, nikaegesha katika kichochoro chetu cha zamani nyuma ya maduka ya magari, nikazima injini. Kisha sikushuka. Nilikaa pale nimeshika usukani kama mtu aliyefika mtihani akasahau kalamu, na mlango wa nyumba yake uko mbele yangu, wa kijani, rangi imebambuka kwa jua.

Kichochoro kilikuwa kilekile ila kimenyamaza. Nilipokuwa mdogo, upande wa barabara kuu kulikuwa na vioo vinavyong'aa na magari mapya yenye bei ambayo baba alikuwa akiitaja kwa kunong'ona, na ukipita nyuma yake tu dunia inabadilika: nyumba fupi nyeupe, matangi ya maji juu ya paa, viyoyozi vinavyodondosha maji ukutani mpaka pakaota mstari wa ukoga. Katikati ya njia harufu mbili zilikuwa zikikutana. Upande wetu ilitoka ya udi na nazi. Upande wa pili ilitoka ya jira na mvuje vikikaangwa katika samli. Mvuje ambao kwetu hufungiwa mtoto mchanga mkononi kumkinga na shari, kwa jirani yetu ulikuwa kiungo cha dengu. Nilipoligundua hilo nilistaajabu sana. Niliwaona ni watu mashujaa, wanakula kinga yenyewe.

Tulimwita Ba. Ni neno la Kigujarati la kumwita mama mkubwa wa nyumba. Wanawe walimwita hivyo, wajukuu wake pia, na sisi tukalichukua. Wazee wetu waliwaita watu wake Mabaniani, yaani Wahindi wasio Waislamu, tena wengi wao wafanyabiashara. Ba alizaliwa Unguja, mtaa wa Hurumzi, ghorofani juu ya duka la vitambaa la baba yake. Akaolewa Maskati akiwa msichana, na mtu ambaye ukoo wake ulikuwa Matrah tangu enzi ambazo hakuna aliyezikumbuka, wakiuza nguo na mchele. Alipoagana na wazazi wake alidhani atakuwa akirudi kila mwaka. Halafu yakaja mapinduzi, wazazi wakaishia Uingereza, ndugu wengine Bombay, na nyumbani kwao pakawa hapana wa kumrudia.

Bibi yangu, mama yake baba, alikuja baadaye kutoka Unguja hiyohiyo, na watoto na masanduku. Hawakuwahi kujuana kule, ingawa walikaa umbali wa kupigiana kelele. Walijuana Matrah, dukani. Bibi alikuwa akinung'unika peke yake kwa Kiswahili mbele ya jora la kitambaa, kwamba rangi hii itachuja kwa maji ya kwanza, na sauti nyuma ya meza ikamjibu kwa Kiswahili cha mjini Unguja, "Hakichuji, nnakwambia kweli, hata mimi nnacho." Kila mgeni aliyefika kwetu alisimuliwa kisa hicho, na kila mara Bibi alimalizia kwa kusema kwamba walilia palepale, wateja wanawatazama. Ba akiwapo aliongezea kwamba kitambaa kilichuja.

Tangu siku hiyo wakawa mashoga. Na walipopata nyumba zinazotazamana Wattaya, ndipo likaja suala la chakula.

Mara ya kwanza Bibi alipomwalika, Ba alikuja amevaa sari yake nzuri, akakaa, akasifu kila kitu, akanywa maji ya chupa. Hakugusa sinia. Mtu mwingine angeona amedharauliwa. Bibi hakuona hivyo, kwa sababu alilelewa jirani na watu wa namna hiyo. Kwao Unguja, kila Sikukuu baba yake aliwapelekea majirani Mabaniani vitu vibichi: mchele, sukari, samli, matunda, vyote katika mifuko isiyofunguliwa, ili wapike wenyewe kwa vyombo vyao. Hiyo ndiyo ilikuwa heshima. Lakini Bibi hakutaka kumpelekea shoga yake mfuko wa sukari maisha yote. Alitaka wale pamoja. Kwa hiyo kesho yake alikwenda Ruwi akanunua sufuria mpya ya stili, na mwiko mpya, na dodoki jipya la kuioshea, akapigilia msumari ukutani mbali na vyombo vingine, akaitundika. Akatutangazia sote kwamba hii ni sufuria ya Ba.

Sufuria ile ilikuwa na sheria kuliko nyumba nzima. Isipikiwe nyama, wala samaki, wala yai. Isitiwe kitunguu wala saumu, kwa kuwa Ba hakula hivyo pia. Isioshwe katika karai moja na zetu. Ikifutwa, ifutwe kwa kitambaa chake. Sisi watoto tulizijua sheria zile kabla hatujajua kuhesabu. Siku ya Ijumaa Bibi alipika ndani yake mbaazi za nazi zenye tangawizi na pilipili mbichi nzima, nami nilikuwa mchukuzi. Nilivuka kichochoro nimeikumbatia kwa kitambaa, moto unapenya mpaka tumboni, Bibi yuko mlangoni ananipigia kelele nisikimbie, Ba yuko mlango wa pili ananipigia kelele hizohizo. Siku nyingine alikuja mwenyewe akala kwetu, kwenye mkeka, goti kwa goti na Bibi. Hapo nyama yetu ilisogezwa upande wa pili wa sinia, na wao wawili wakachangia mbaazi.

Si wote waliopendezwa. Shangazi yangu, aliyekuwa akikaa Nizwa na kuja mara moja moja, aliuliza siku moja mbele ya watu, kwani sisi najisi, hata vyombo vyetu havifai? Bibi hakuinua hata macho, alikuwa akichambua mchele.

"Wewe ukienda kwa watu huli mpaka uulize nyama kachinja nani," alimwambia. "Kuna siku umemtukana mtu kwa hilo?"

Shangazi akasema hayo ni mambo mengine. Bibi akasema ni hayohayo, akaendelea na mchele wake.

Msimu nilioupenda kuliko yote ulikuwa mwanzo wa joto, kabla jua halijawa adui, Ba alipotengeneza papadi. Ni vimkate vya unga wa dengu, vyembamba kama ngozi ya kitunguu, vinavyoanikwa mpaka vikakauka, halafu hukaangwa mwaka mzima. Kazi ilianza asubuhi. Wanawake wa Kihindi wa mitaa ya karibu walikuja na vibao vyao na visukumio, wakakaa chini barazani wakisukuma na kusemana kwa Kigujarati. Bibi alikaa katikati yao, visukumio vikilia kama mvua ya mawe, akisukuma papadi zilizokuwa nene mno, na kila moja yake ilipitishwa mkono kwa mkono ichekwe kabla ya kwenda kuanikwa. Sisi watoto, wao na sisi, tulipandishwa juu ya paa kulinda. Tulikaa chini ya kivuli cha tangi, vipepeo vya ukili mkononi, tukiwafukuza ndege. Papadi iliyovunjika ilikuwa halali yetu, na sitaeleza hapa kwa nini nyingi sana zilivunjika. Jua likishuka, adhana ya Magharibi ilipaa kutoka msikitini, na ikimalizika tu ndipo tulisikia kengele ndogo ya Ba kutoka ndani, mbele ya rafu yake ya sala. Alingoja kila siku adhana imalizike. Hakuna aliyemwomba afanye hivyo.

Wakati wa Diwali walipanga vitaa vya udongo juu ya ukuta, na kizingitini wakachora maua kwa unga wa rangi. Bibi alitufundisha kuyaruka maua yale, tusiyakanyage, kama tunavyoruka msala wa mtu. Na Ramadhani, Ba hakula mbele ya dirisha mchana kutwa, na kabla ya futari zililetwa kwetu bajia zake za moto. Vyake tulivila bila masharti. Vyetu alivila kwa sharti la chombo kimoja tu, na kwa akili yangu ya kitoto niliona biashara hiyo ni ya haki kabisa.

Lakini nikiwa pale garini sikukumbuka bajia peke yake. Nilikumbuka pia mtungi.

Siku zile mama mkwe wa Ba alikuwa hai, kizee mkali aliyevaa nyeupe tupu tangu awe mjane, hana bangili wala ua la nguo. Na kulikuwa na mfagizi wa njia, mwanamume mwembamba mwenye ovaroli, Mhindi kama wao ila wa upande mwingine kabisa wa India, na wa watu ambao tangu mababu waliambiwa kazi yao ni uchafu wa wengine. Kwetu alipewa chai kwa kikombe chochote kilichokuwa karibu. Kwa Ba, alikuwa na kopo lake nje, nyuma ya geti, na kizee alimmiminia maji kwa juu, kopo lisigusane na jagi. Siku moja ya joto kali alifika hakukuta mtu, akachota mwenyewe kutoka mtungi wa udongo uliokuwa barazani. Kizee akamwona kutoka dirishani. Hakumtukana. Alitoka, akaunyanyua mtungi kwa mikono yote miwili, mzima, umejaa maji baridi, akaupiga chini. Maji yalitiririka mpaka kwenye viatu vya yule mtu. Ba alikuwa kasimama mlangoni, kainamisha macho.

Nilirudi nyumbani nikamuuliza Bibi kama lile kopo ni kama sufuria ya Ba, maana vyote vilikuwa vya mtu mmoja.

"Hapana," alisema. "Sufuria tumeitenga ili yeye aje ale na sisi. Lile kopo limetengwa ili yule asile na wao."

Kizee alipofariki, kopo lile likatoweka. Nani alilitoa, kwa maneno gani, sikuwahi kujua. Ninachojua ni kwamba siku moja nikitoka shule nilimkuta yule mfagizi amekaa kwenye ngazi ya baraza ya Ba na bilauri ya stili mkononi, moja ya zilezile walizonywea wao, na Ba amekaa kitini anamuuliza habari za watoto wake. Nilifurahi, lakini sauti ya mtungi ilikuwa imeshaniingia. Nilijua kwamba nyumba ile inaweza kuvunja chombo kizima kwa sababu ya mkono ulioingia pasipotakiwa.

Miaka ikaenda. Tukahamia Ghubra, nyumba kubwa yenye bustani ambamo hakuna anayekaa. Sufuria ikahama nasi, na msumari wake ukapigiliwa ukuta mpya. Sasa mbaazi zilipanda gari siku ya Ijumaa badala ya kuvuka kichochoro, lakini zilifika. Mwaka jana Bibi akafariki. Msibani nyumba ilijaa, majiko hayatoshi, na shangazi wa Nizwa ndiye aliyeshika jiko. Ba alikuja kila siku, akakaa na wanawake, akishika kanga ya Bibi mapajani. Baada ya hapo mama yangu aliendeleza mbaazi za Ijumaa, ili Ba asione kwamba shoga yake ameondoka na kila kitu.

Kisha ikaja habari ya safari. Mwanawe Ba alikuwa mhasibu katika kiwanda kimoja huko Rusayl. Nafasi yake ilipewa mwananchi, na kibali cha ukaazi kinakwenda na kazi. Wapo Mabaniani wa Maskati waliopata uraia zamani. Ukoo wake haukuwa miongoni mwao. Kwa hiyo Ba, aliyezaliwa Unguja na kuzeekea Maskati, alikuwa anarudishwa kwao, India, mahali ambapo hajawahi kukaa zaidi ya likizo ya harusi. Mimi mwenyewe nilikuwa nimepeleka maombi katika viwanda vya Rusayl. Mwananchi huyo angeweza kuwa mimi, na hilo nalo nililichukua kitandani.

Alituma salamu kwamba kabla hajaondoka anataka jambo moja: aje Ghubra Ijumaa ale mbaazi kwetu, mkekani. Mama alisema nipike mimi, kwa kuwa mkono wangu ndio uliofanana na wa Bibi. Nilifurahi sana. Jioni hiyohiyo shangazi alikuwa kwetu kwa matembezi, akaingia jikoni kutafuta chombo, akanyoosha mkono ukutani.

"Sufuria nzuri hii," alisema. "Ndiyo niliyopikia makongoro ya ng'ombe siku ya tatu ya msiba, yakaiva kwa muda mfupi tu."

Hakuwa na ubaya. Hakuna aliyemkumbusha, na Bibi ndiye aliyekuwa akikumbusha watu. Mama alikuwa chumbani na wageni. Nilihesabu Ijumaa zote tulizompelekea Ba mbaazi tangu msiba, nikaona kana kwamba mimi ndiye niliyelishwa. Mama nilipomwambia aliweka mkono mdomoni, akafikiri, akasema, "Khalas, nyamaza. Tununue nyingine, aje ale, aende zake na moyo mweupe. Mtu mzima yule. Utamwambia ili iweje?"

Ili iweje, kweli? Hilo ndilo nililokuwa nikilizungusha. Nikimwambia, huenda nikawa najitua mzigo mimi na kumtwika yeye. Nisipomwambia, atakaa mkekani kwetu akisifu sufuria mpya inayojifanya ya zamani, nami nitamtazama akila. Nilimhofia kwa ajili ya dini yake. Nilijiogopa mwenyewe pia. Nilimwona akilini mwangu akisimama, akinyanyua miaka yote ya Bibi kwa mikono miwili na kuipiga chini.

Mlango wa kijani ulifunguka. Ba alitoka kumwagilia mrehani wake, akaliona gari, akajikinga jua kwa kiganja.

"Gari hilo limeharibika au dereva?" aliuliza.

Nikashuka.

Ndani kulikuwa na makasha yaliyofungwa kwa kamba mpaka dari, na juu ya mojawapo kengele ndogo imeviringishwa katika gazeti. Alinipa chai ya maziwa na tangawizi. Alinieleza kuhusu mji atakaokwenda, kwamba una baridi asubuhi, kwamba mkwe wa binamu yake ana nyumba yenye uwanja, kwamba hakuna atakayemwelewa akisema Kiswahili usingizini. Mimi nilikuwa nikiitikia tu.

"Una jambo tangu ulipokaa," alisema. "Chai yako imeganda utando. Nambie."

Nikamwambia. Sikuipamba. Nilisema sufuria yako, Ba, imepikiwa nyama, siku ya tatu ya msiba wa Bibi, na mbaazi zote ulizokula tangu hapo zimetoka humo, na sisi hatukujua.

Aliuliza nani aliyepika. Nikamwambia shangazi, wala hakukusudia. Aliuliza mimi nimejua lini. Nikamwambia wiki hii. Aliweka kiganja kifuani, akasimama, akaenda bafuni, nikasikia maji. Yalitiririka muda mrefu. Nilijisemea kwamba basi, yamekwisha, na kwamba mama alisema kweli. Nilijiuliza kama niondoke kabla hajatoka, ili nimwepushie kunifukuza.

Alitoka uso umelowa, pindo la sari liko kichwani. Akakaa kwenye kasha badala ya kiti.

"Bibi yako naye alikuja hivihivi," alisema.

Sikujua anachosema. Akanieleza kwamba mimi sijazaliwa bado, wako papa hapa, mtumishi mmoja wa kwetu alichovya upawa wa mchuzi wa samaki katika mbaazi, na mbaazi zikaliwa. Hakuna aliyeona isipokuwa Bibi, tena baada ya kuliwa. Akaja saa ya jua kali, kiatu kimoja chake na kimoja cha mumewe, kasimama hapo mlangoni hajui pa kuanzia.

"Nilimkasirikia, mwanangu. Sikumsemesha mpaka mwezi mwengine ulipoandama. Hata salamu. Yeye kila Ijumaa analeta, mimi sifungui mlango, anaondoka nayo."

"Kisha?"

"Kisha nikakaa nikafikiri. Huyu angeweza kunyamaza. Chakula kishaliwa, nani angejua? Sufuria iko jikoni kwa watu, mimi niko huku, ntajua wapi kinachoingia?" Alijifuta shavu kwa pindo la sari. "Mimi sikuiamini sufuria hata siku moja. Nilimwamini yeye. Ndio maana nikafungua mlango."

Nilianza kulia, kilio cha kijinga, cha mtu aliyebeba kitu kizito ngazi zote akaambiwa aweke popote. Aliniacha nilie. Halafu akanipa maagizo kama anayenituma dukani: yeye atafunga kesho, ataoga, atasali, ni juu yake na Mungu wake, mimi niisugue ile sufuria kwa jivu, niiweke motoni kavu, niisuuze, nisinunue nyingine. Nikamwambia Ghubra hatuna jivu. Akaniuliza kama hatufukizi udi. Nikasema tunafukiza. Akanitazama kama anavyotazamwa mtu mwenye shahada asiyejua kwamba chetezo kina jivu.

Nilipoaga alinishika mkono.

"Ijumaa nani anapika?"

"Mimi, Ba."

"Basi nakuja."

Nilirudi Ghubra madirisha yote yamefunguliwa, joto linaingia, na sikulihisi. Nimefikiri sana tangu siku ile juu ya vitu ambavyo havipo tena. Juu ya paa lile sasa kuna sahani za satelaiti na nyumba imepangishwa kwa watu ambao sijawaona. Papadi zinauzwa dukani katika pakiti, zote sawasawa, hakuna iliyo nene ya kuchekwa. Kiswahili cha Kihindi cha Unguja, kile chenye nnakwambia zake na Kigujarati chake ndani, sijakisikia Maskati tangu aondoke, na sidhani nitakisikia. Na watu wa kukaa miaka yote wakipikiana kwa masharti magumu namna ile, bila mmoja kumwambia mwenzake aache ya kwao, nawatafuta siwaoni, labda kwa sababu siku hizi hatukai milango inatazamana. Hayo yananihuzunisha. Lakini huzuni yake ni nyepesi, nalala nayo vizuri, kwa sababu sikuiongezea uongo.

Ijumaa ile nilisugua sufuria kwa jivu la chetezo mpaka vidole vikawa vyeusi, nikaiweka motoni, nikaisuuza. Nilichemsha mbaazi nilizoloweka tangu usiku, nikakuna nazi kwa mkono ingawa mashine ipo, nikatia tangawizi na pilipili nzima. Shangazi alikuja kuniuliza kama anisaidie, nikamwambia hapana, leo mimi peke yangu, naye akanielewa, akaenda kutandika mkeka. Baada ya sala ya Ijumaa Ba alifika na mwanawe, amevaa sari ya samawati. Alikaa pale alipokuwa akikaa na Bibi, akakunja goti lake. Nikaleta sufuria, nikaiweka mbele yake, nikafunua. Mvuke ukapanda. Mama aliacha kupumua, nilimsikia.

Ba hakuitazama sufuria. Alinitazama mimi, akavuta sahani karibu, akatia mkono.